Filamu ya Hitchcock na Psycho inatoka mwezi ujao: kabla hamjaiona, pitieni hapa (uzi mrefu)

Mzee wa Betamax (mleta uzi)

Wadau wa picha, salaam. Tarehe 23 Novemba mwaka huu wa 2012, Marekani wanaanza kuonyesha filamu iitwayo Hitchcock. Inahusu ile miezi ambayo Alfred Hitchcock alikuwa akihangaika kutengeneza Psycho. Anthony Hopkins ndiye Hitchcock, wamemvisha kitambi cha bandia na kumbandika mashavu. Helen Mirren ni mkewe, Alma Reville. Scarlett Johansson ni Janet Leigh, yule dada wa bafuni. James D'Arcy ni Anthony Perkins. Mwongozaji Sacha Gervasi hajawahi kuongoza filamu ya kuigiza, jina alilipata kwa filamu ya kweli kuhusu bendi ya Anvil. Wamechota kwenye kitabu cha Stephen Rebello cha mwaka 1990, na kitabu hicho ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Trela nimeiona. Imejaa mume na mke. Sawa, ndoa inauza tiketi, silaumu. Ila msimamo wangu ni huu: kisa cha Psycho ni kisa cha hela. Ukiitoa hela pembeni hutaelewa kwa nini picha ni nyeusi na nyeupe, kwa nini muziki wake ni vinanda vya nyuzi peke yake, wala kwa nini mtu mmoja aliweza kumuua steringi kabla picha haijafika nusu na asiwepo bosi wa kumzuia.

Tahadhari: humu ndani mwisho wa Psycho unatajwa waziwazi. Picha ina miaka 52. Kama hujaiona, ishia hapa, katafute kwanza.

Tuanze. Mwaka 1959 Hitchcock ana miaka 60. North by Northwest imetoka mwaka huohuo na inatengeneza pesa nzuri; yenyewe ilikula zaidi ya dola milioni 4. Kila wiki sura yake iko kwenye televisheni kupitia Alfred Hitchcock Presents. Mtu wa namna hiyo kila mmoja anategemea atoe picha nyingine kubwa, ya rangi, ya mastaa. Na studio ya Paramount inamdai filamu moja kwenye mkataba.

Yeye akachukua riwaya ya Robert Bloch iliyotoka mwaka huohuo wa 1959. Bloch alikuwa akiishi Wisconsin, mji usio mbali na Plainfield, ambako Novemba 1957 polisi walimkamata Ed Gein baada ya kukuta nyumbani kwake mabaki ya watu na samani zilizotengenezwa kwa ngozi ya binadamu. Haki za riwaya zilinunuliwa kwa dola 9,000 kupitia wakala, na mnunuzi hakutajwa. Bloch aliuza bila kujua anamuuzia nani. Kama angejua, bei ingekuwa nyingine kabisa. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Paramount walipoona kitabu walichukia. Hakuna studio, hakuna bajeti ya kawaida. Hitchcock akawajibu: basi nitalipia mwenyewe kupitia kampuni yangu ya Shamley, nitapigia kwenye studio za Universal, nitatumia watu wangu wa televisheni, ninyi sambazeni tu. Mshahara wake wa kuongoza, dola 250,000, akausamehe. Badala yake akataka asilimia 60 ya umiliki wa picha. Paramount wakaona wamemweza: hawatoi mtaji, hawamlipi mshahara. Wakasaini.

Bajeti nzima ilikuwa kama dola 800,000. Linganisheni na milioni 4 za picha iliyotangulia.

Naendelea, nisubirini.

Kipanga wa Kisauni

Nimefika mapema leo. Mkuu shusha nondo, lakini tufafanulie hiyo asilimia 60. Ni ya faida ama ni ya nini?

Mzee wa Betamax

Ni ya ule mkanda wa asili, ambao nakala zote za sinema zinazalishwa kutoka kwake. Maana yake picha ikionyeshwa leo, mwakani au miaka 20 ijayo, sehemu kubwa ni mali yake. Mshahara unalipwa mara moja, mali inaendelea kuzaa. Wakala wake alikuwa Lew Wasserman wa MCA, kampuni ya mawakala wa wasanii, mtu aliyezijua hesabu za Hollywood kuliko mwingine yeyote wa wakati ule. Kwenye filamu mpya anachezwa na Michael Stuhlbarg.

Sasa ona umaskini wa kujitakia unavyofanya kazi. Mpiga picha mkuu ni John L. Russell, mtu wa televisheni. Mafundi wengi ni wa kile kipindi chake cha kila wiki, watu waliozoea kumaliza hadithi ya nusu saa kwa siku tatu hivi. Hawana muda wa kusubiri staa aamke. Janet Leigh alikubali dola 25,000, fedha ndogo kwa jina lake. Perkins alipata dola 40,000, na ukikumbuka, kiasi ambacho Marion, yaani Janet Leigh ndani ya picha, anaiba ofisini kwao Phoenix ni 40,000 hiyohiyo. Nyeusi na nyeupe ilipunguza gharama, na pia ilimwezesha kupitisha damu mbele ya wakaguzi. Damu yenyewe ilikuwa shira ya chokoleti, maana kwenye mkanda usio na rangi inatiririka na kuganda vizuri kuliko damu ya rangi nyekundu.

Watu aliowachukua kwa bei ya sinema, si ya televisheni, ni wachache tu: George Tomasini wa kuhariri, Saul Bass wa michoro na majina ya mwanzo, Bernard Herrmann wa muziki. Yaani alibana kila mahali, akafungua mkono pale ambapo picha inakatwa, inachorwa na mtazamaji anatishwa. Huo ndio utengenezaji wa picha. Wengine wanaita bahati.

Chumba cha Giza

Mleta mada umeniwahi, nilitaka kuandika kuhusu tukio la bafu, pale Marion anapouawa kwa kisu. Mimi ni mtu wa kamera, ngoja niwape la kwangu.

Lile tukio walilipiga siku saba, Desemba 1959, kabla ya Krismasi. Zaidi ya pozi 70 za kamera, kwa kitu ambacho kisu chenyewe kinachukua sekunde zipatazo 45 kwenye skrini. Siku saba kwa sekunde 45, ndani ya picha iliyopigwa kwa kasi ya televisheni! Sehemu nyingine walikuwa wanapita mbio, hapa wakaweka kambi.

Kuna shoti moja inaniumiza kichwa tangu nimeiona: tunaangalia bomba la mvua kutoka chini, maji yanatujia usoni, lakini lenzi hailowi. Walichofanya ni kuziba matundu ya katikati ya bomba, maji yakawa yanatoka kwenye duara la nje tu na kupita pembeni mwa kamera. Kamera yenyewe wakaiweka mbali na lenzi ndefu. Ukiangalia kwa makini utaona katikati pakavu. Hakuna kompyuta hapo, ni fundi na kizibo.

Na sauti ya kisu ni tikiti. Hitchcock alimtuma mtu wa vifaa alete matikiti ya aina mbalimbali, yakapangwa mezani. Mzee akakaa, akafumba macho. Jamaa anachoma moja, anachoma jingine, mpaka meza ikajaa maganda na maji. Mwisho Hitchcock akafumbua macho akasema neno moja: casaba. Hilo tikiti nyama yake imeshikamana, halina uwazi mkubwa ndani, ukichoma linatoa sauti nzito isiyo na mwangwi.

Halafu Perkins, anayemcheza Norman Bates, mwenye moteli anayeua akiwa amevaa kama mama yake, siku hizo hakuwepo kabisa. Alikuwa New York akifanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Yule "mama" mwenye kisu ni mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo tukio linalomtambulisha Norman Bates duniani, Norman mwenyewe hayumo.

Binti Forodhani

Naomba niingie kwa heshima kabisa, na nimpinge mleta uzi.

Kaka, unasema ndoa inauza tiketi kana kwamba Alma amechomekwa. Alma Reville alianza kazi ya filamu kabla ya mumewe. Alikuwa anakata mikanda studio za Twickenham akiwa binti mdogo. Walipokutana Islington, yeye ndiye mwenye kazi ya maana na Alfred ni kijana wa kuchora maandishi ya filamu zisizo na sauti. Alfred mwenyewe alikiri kwamba hakuthubutu kumsemesha mpaka alipopata cheo cha kumzidi. Wamezaliwa wamepishana siku moja, Agosti 13 na 14, 1899. Wakaoana Desemba 1926. Jina lake limo kwenye uandishi wa Suspicion, Shadow of a Doubt, Stage Fright. Na kwenye nyingi ambazo jina halimo, mkono wake umo.

Tukija kwenye Psycho, picha imeshamalizika, watu wote wameiona na kuikubali. Alma akaangalia, akasema haiwezi kutoka hivi: Janet Leigh amekufa lakini anameza mate. Hakuna mwingine aliyeona! Mhariri mkubwa Tomasini hakuona, Hitchcock hakuona. Ikabidi warudi kwenye meza ya kukatia.

Sasa mtu wa namna hiyo akipewa nafasi kubwa kwenye filamu mpya mimi nashangilia. Mwaka 1979 Hitchcock alipopewa tuzo ya heshima na American Film Institute, alisimama akasema anawashukuru watu wanne tu: mhariri wa filamu, mwandishi wa filamu, mama wa binti yake, na mpishi hodari kuliko wote. Akamalizia kwamba wote wanne wanaitwa Alma Reville.

Kipanga wa Kisauni

Hapo dada umepiga palepale. Mzee wa Betamax jibu hilo.

Mzee wa Betamax

Dada yangu sikatai hata neno moja kuhusu Alma. Kinachonitia wasiwasi ni namna wanavyotaka kumpa nafasi. Tazameni orodha ya waigizaji: Danny Huston anacheza Whitfield Cook. Cook alikuwa mwandishi aliyefanya kazi na akina Hitchcock kwenye Stage Fright ya 1950 na Strangers on a Train ya 1951. Sasa mwaka 1959 anatafuta nini? Nahisi ameletwa ili mume aone wivu. Yaani mwanamke aliyeona kumeza mate ambako studio nzima haikuona, anapewa filamu, halafu tunaulizwa kama ana bwana. Hiyo ni heshima au ni kumrudisha jikoni kwa mlango mwingine?

Nipeni dakika 10 za Alma kwenye meza ya kukatia, anarudisha mkanda nyuma, anaganda kwenye koo la Janet Leigh. Hapo mimi nalipa tiketi mara mbili.

Na kuna Michael Wincott akicheza Ed Gein. Gein alikamatwa 1957, hakuwahi kukanyaga Hollywood, kwa hiyo nadhani atatokea kwenye mawazo ya Hitchcock. Ni ujanja wa waandishi, sina ugomvi nao sana. Ila chekeni kidogo: Hopkins alipata Oscar kwa kumcheza muuaji Hannibal Lecter kwenye The Silence of the Lambs, na kwenye picha ileile yule muuaji mwingine, Buffalo Bill, alichongwa kwa sehemu kutokana na Gein huyohuyo. Mzee amezungukwa.

Mpiga Vinanda

Jamani mnazungumzia Psycho hadi sasa hakuna aliyegusa muziki vizuri. Nitafanya hivyo kwa hasira.

Hitchcock alitaka tukio la bafu lisiwe na muziki. Maji, pumzi, kisu, basi. Herrmann alisimulia mwenyewe kwamba alimkuta mzee amekata tamaa, anafikiria kuikata picha iwe ya saa moja aitupe kwenye televisheni. Herrmann akamwambia aende mapumziko yake ya Krismasi, amwachie. Akaandika muziki wote kwa vinanda vya nyuzi. Hakuna tarumbeta, hakuna zumari, hakuna ngoma. Bajeti ya muziki ilibanwa, na yeye akaugeuza ubanaji huo kuwa mtindo: picha haina rangi, na muziki nao usiwe na rangi.

Kwenye bafu fidla zinapanda juu kabisa, upinde unaburutwa kwa nguvu kila noti peke yake, moja inaingia juu ya nyingine zikigombana kwa nusu sauti. Watu wengi wanadhani ni sauti ya ndege au mashine. Ni watu wamekaa kwenye viti na fidla. Mkichunguza, muziki huohuo unarudi Arbogast, yule mpelelezi, anapouawa ngazini, na mkimsikia tu yule mama anatoka mlangoni mwili unasisimka kabla ya kisu. Mara ya kwanza ametufundisha, mara ya pili anavuna.

Herrmann alipomchezea tukio la bafu mara mbili, bila muziki kisha na muziki, Hitchcock hakubisha tena. Baadaye akasema asilimia 33 ya nguvu ya Psycho ni muziki. Mtu asiyependa kugawana sifa, akatoa theluthi nzima kwa mwingine.

Kwenye filamu mpya muziki ni wa Danny Elfman. Namheshimu, lakini mtihani aliopewa ni mgumu.

Kipanga wa Kisauni

Hiyo ya nusu sauti kugombana imenimaliza. Nimeirudia YouTube sasa hivi na hedifoni. Mke ameuliza kuna nini.

Chumba cha Giza

Kuna ugomvi wa zamani niuweke mezani: nani aliongoza tukio la bafu? Saul Bass alichora ubao wa picha kwa picha, na miaka ya baadaye akawa anadai kwamba siku ya kupiga yeye ndiye aliyeongoza. Janet Leigh, aliyekuwa amelowa maji siku zote hizo, alikataa katakata: aliyemwongoza kwa kila shoti ni Hitchcock.

Mimi namwamini Leigh. Na kuna ushahidi wa upande mwingine. Siku Hitchcock alipougua mafua, msaidizi wake Hilton Green alipiga sehemu ya Arbogast akipanda ngazi kwa kufuata michoro ya Bass: mkono kwenye reli, miguu kwenye ngazi, vipande vipande. Hitchcock alipoona akaitupa. Akasema ukikata namna hiyo Arbogast anaonekana yeye ndiye mwenye nia mbaya, wakati ni mtu asiye na hatia anakwenda kupata taarifa. Akairudia kwa shoti moja inayopanda naye taratibu. Michoro ni mizuri, lakini anayejua hofu iko upande gani ni mwongozaji.

Binti Forodhani

Halafu kuna Vera Miles. Hitchcock alimwandaa kuwa nyota wake mpya, alimpangia Vertigo, Vera akapata ujauzito, nafasi ikaenda kwa Kim Novak. Mzee hakusahau. Kwenye Psycho amempa nafasi ya dada yake Marion, nguo za kawaida, na wigi, maana Vera alikuwa amenyolewa kichwa kwa ajili ya filamu nyingine. Jessica Biel ndiye atakayemcheza.

Nasema hivi kwa sababu mwezi huuhuu HBO wameonyesha The Girl, Toby Jones akiwa Hitchcock na Sienna Miller akiwa mwigizaji Tippi Hedren, kuhusu mateso aliyoyapata Hedren kwenye The Birds na Marnie. Hitchcock wawili ndani ya miezi miwili: mmoja wa HBO ni wa kuogopwa, mwingine wa Hopkins kwenye trela anachekesha. Na Agosti wakosoaji wa jarida la Sight & Sound wameipandisha Vertigo juu ya Citizen Kane iliyokaa namba moja kwenye orodha yao ya filamu bora tangu 1962. Mwaka huu ni wake, lakini naomba tusije tukanunua babu mcheshi peke yake.

Mzee wa Betamax

Hilo nakuunga mkono bila masharti.

Nimalizie sehemu ninayoipenda kuliko zote: jinsi alivyoiuza.

Kwanza wakaguzi. Ofisi ya Geoffrey Shurlock ndiyo iliyokuwa inasimamia maadili ya filamu Hollywood. Psycho inaanza na mwanamke amevaa sidiria, yuko hotelini mchana na mwanamume ambaye si mumewe. Baadaye Marion anachana karatasi na kuitupa chooni, tunaona choo na tunasikia maji yakivutwa. Leo utacheka, lakini wakati ule sinema za Marekani zilikwepa hata kuonyesha choo! Joseph Stefano, mwandishi wa muswada, alikiweka kwa makusudi ili watu waanze kukosa raha kabla hata ya bafu.

Inavyosimuliwa, wakaguzi wengine walidai wameona titi kwenye bafu, wengine wakasema hawakuona. Hitchcock akachukua picha, akakaa nayo siku kadhaa, akairudisha bila kugusa kitu. Walioona wakasema sasa haipo. Ambao hawakuona wakasema sasa wameiona. Kuhusu tukio la mwanzo akawaambia: nitalirudia, ila njooni siku ya kupiga mnielekeze. Siku ikafika, hawakutokea. Likabaki.

Pili, siri. Hakuonyesha waandishi wa habari mapema. Kwenye seti paliwekwa kiti kimeandikwa Mrs. Bates, yaani mama yake Norman, na uvumi ukaachwa utembee kwamba anatafutwa bibi wa kuigiza nafasi hiyo, wakati anajua bibi ni mzoga uliokaushwa. Kinyago cha mzoga huo walikitengeneza aina kadhaa, na mzee alikuwa anakificha kwenye chumba cha Janet Leigh ili apime kipi kinatoa ukelele mkubwa zaidi.

Tatu, mlango. Wakati ule watu waliingia sinema saa yoyote. Unakuta picha katikati, unaangalia hadi mwisho, inaanza tena, unasubiri pale ulipoingilia, unaondoka. Hitchcock akasema hapana: hakuna atakayeingia baada ya picha kuanza, hata awe nani. Mameneja wa sinema walitumiwa kitabu cha maelekezo, saa zikawekwa sebuleni, walinzi wakasimamishwa mlangoni New York, na sauti yake iliyorekodiwa ikawa inawapoza waliopanga foleni.

Hili nalo ni hesabu. Janet Leigh ndiye jina kubwa kwenye bango, na anakufa mapema. Mtu akiingia kwa kuchelewa atakaa anamsubiri steringi ambaye yuko kwenye buti la gari ndani ya dimbwi. Sisi tuliokulia vibandani tunajua steringi hafi. Ukitazama kwa imani hiyo, Hitchcock anakuvua nguo palepale: ametumia dakika nyingi kukufanya uhofie zile 40,000 zilizofungwa kwenye gazeti, halafu Norman anazitupa dimbwini bila hata kujua kwamba zipo. Sasa huna steringi wala huna kisa. Unajikuta unamwombea Norman gari lizame.

Foleni yenyewe ikawa tangazo. Juni 16, 1960 New York watu walizunguka jengo.

Kipanga wa Kisauni

Na ile asilimia 60 ikawaje? Usituache hewani.

Mzee wa Betamax

Psycho ilimwingizia Hitchcock mamilioni, makadirio yanayotajwa sana ni zaidi ya dola milioni 15. Kwa mshahara aliousamehe wa 250,000. Baadaye akabadilishana haki zake za Psycho na za kile kipindi cha televisheni kwa hisa za MCA, kampuni ya Wasserman iliyokwishainunua Universal, akawa mwenye hisa wa tatu kwa ukubwa. Kijana wa muuza mboga na kuku wa Leytonstone. Paramount waliojiona wamemweza wakabaki na kumbukumbu ya kusambaza.

Oscar je? Psycho iliteuliwa mara nne: uongozaji, Janet Leigh, upigaji picha na mandhari. Ikarudi mikono mitupu. Herrmann hata kuteuliwa hakuteuliwa. Mwaka ule Billy Wilder alibeba ya uongozaji kwa The Apartment, na Hitchcock hakuwahi kushinda ya ushindani maisha yake yote.

Mpiga Vinanda

Herrmann kutoteuliwa. Nashuka uwanjani, nitarudi nikipoa.

Chumba cha Giza

Swali dogo kwa wenye kamera zao hapa Bongo: tunalia kila siku hatuna bajeti. Psycho ina moteli ya mbao, nyumba moja mlimani, ofisi, bafu na gari. Shida yetu ni bajeti au ni kwamba siku za kupiga tunazigawa sawasawa, tukio la kunywa chai lipate siku na tukio la kufa lipate siku?

Binti Forodhani

Shida ni kwamba hakuna Alma wa kusema mtu amemeza mate. Marehemu wetu wanapepesa macho.

Kipanga wa Kisauni

Dada umetumaliza 😂. Sasa Mzee wa Betamax, kwa haya yote, wewe unataka watengeneze filamu ya mhasibu.

Mzee wa Betamax

Ndiyo. Mhasibu mnene aliyekaa kwenye kiti, amefumba macho, anasikiliza matikiti yakichomwa, na anajua kila siku inayopita inatoka mfukoni mwake. Wakinionyesha hilo, wivu wa mume na mke nauvumilia.

Mgeni wa Leo

Habari zenu wakuu. Nimeingia sasa hivi sijasoma huko juu, uzi mrefu. Hii Psycho inahusu nini, na steringi ni nani?

Binti Forodhani

Umechelewa, mlango umeshafungwa. Subiri onyesho linalofuata.